Alama ya Ukindu kwenye Plastiki Nyeusi

Nilimpiga Ame mara tatu kwa spana ya kufungulia magurudumu. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilivunja kifundo cha mkono aliouinua kujikinga. La tatu lilimpata usoni, na nikalisikia taya lake likivunjika kwa sauti ndogo, kama mtu anapovunja muwa kwenye goti. Akaanguka juu ya miguu ya mdogo wangu Wafaa, aliyekuwa amelazwa pembeni ya barabara, keshakata roho.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, njia ya Fumba, karibu na Kombeni. Wafaa alikuwa anakuja kwangu mjini. Alikuwa akitembea pembeni ya lami, begani mkoba wa ukindu aliousuka mwenyewe, akagongwa kwa nyuma na kutupwa mtaroni. Aliyenipigia simu alisema tu, "Njoo, dada yako kagongwa." Nilikwenda mbio na vespa yangu. Nilipofika watu walikuwa wameshajaa. Katikati yao kijana wa bodaboda kapiga magoti, shati lote damu, kichwa cha Wafaa kakipakata mapajani. Pikipiki yake ilikuwa imelala chini, taa ya mbele imepasuka.

"Ndo huyo," mtu mmoja akasema nyuma yangu. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

"Mie nimemkuta," kijana yule, Ame, akasema. Aliniinulia uso akaniona nalia, na nadhani alijua kuwa mimi ndiye mwenye maiti. "Gari imekimbia. Mie nimemkuta tu mtaroni. Pikipiki nimeitupa hapo nikashuka. Nsaidieni tumpakie."

Nikafungua kisanduku cha vespa, nikatoa spana.

Baada yangu wakaja wengine kwa mateke na mawe. Mimi nilisimama pembeni nikatazama. Nilikuwa nahema, nikilitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti, kama vile Yeye ndiye aliyenituma. Polisi walipomtoa chini ya miguu ya watu, jicho lake moja lilikuwa limefunga na kinywa chake hakikuweza kufunga.

Sikuishia hapo. Kituoni niliandikisha kuwa nilikuwa nyuma yake na vespa yangu, na kwamba nilimwona kwa macho yangu akimgonga dada yangu. Hakuna aliyeniambia niseme hivyo. Niliyasema kwa sababu nilikuwa na yakini, na niliona shahidi akikosekana yule mtu atatoka. Mahakamani nikashika msahafu kwa mkono wa kulia nikayarudia maneno yale yale. Wala sauti yangu haikutetemeka. Hakimu akapanga siku ya kutoa hukumu, Jumatatu, miezi miwili na siku chache tangu siku ile. Ame alikuwa amesimama kizimbani, taya limefungwa kwa waya, na alipotakiwa kujitetea hakueleweka hata neno moja.

Tangu kiapo kile sikuwahi kuimaliza sala moja kwa utulivu. Nikisujudu naisikia ile sauti ya muwa. Nilidhani ni huzuni ya Wafaa.

Kazi yangu ni plastiki na mipira ya nje ya magari. Nina kibanda cha mabati kwenye uwanja mdogo nyuma ya maduka ya Darajani, jirani na Ubwa anayeshona viti vya gari. Watu hudhani kuosha gari ni kuosha gari. Lakini gari inayolala Shangani au Forodhani hupigwa na chumvi ya bahari na jua, na ile plastiki nyeusi ya bampa, ya kingo za magurudumu na ya chini ya vioo hugeuka nyeupe kama majivu. Mipira ya milango nayo hukauka ikapasuka. Mimi huosha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikasugua kwa brashi ya meno mpaka uchafu utoke kwenye vijinyweleo vya plastiki. Nikishakausha nafuta kwa spiriti. Mipira naipaka glisirini. Kisha plastiki naipitishia mashine ya hewa ya moto, inayofanana na ile ya kukaushia nywele, ila moto wake unaweza kuchoma nyama. Ukiipitisha kwa mkono mwepesi, bila kusimama mahali pamoja, weusi hurudi kutoka ndani ya plastiki yenyewe, na mikwaruzo yote huyeyuka ikatoweka. Mtu hataweza kujua kama paliwahi kuguswa.

Alhamisi, siku nne kabla ya hukumu, Thuwaini alileta gari yake, jipu ya kijivu.

Nilimjua kwa sura. Ni mtu wa Mkunazini, wa nyumba kubwa, babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu Pemba. Yeye mwenyewe anajenga nyumba za kuuza upande wa Fumba. Msikitini husimama safu ya mbele. Yeye hakunijua. Mimi na Wafaa tumechangia mama tu, na aliyekufa Kombeni alijulikana kwa ukoo wa baba yake. Mjini mimi ni Tamim wa plastiki, basi.

"Fundi, nimesifiwa kwako," akasema. "Nnataka ing'are kama siku ilotoka bandarini. Kesho kuna mtu anakuja kuitazama. Naiuza."

Aliposhuka tu nikasikia harufu ya karafuu. Ubwa naye aliisikia kutoka kibandani kwake.

"Yakhe Tamim," akaita, "leo unaosha gari au unamsinga bibi harusi?"

Thuwaini akacheka. "Mafuta ya makonyo hayo, vikonyo vya karafuu. Babu yangu akipaka milango ya nyumba nzima, mchwa hawasogei na mlango unang'ara. Nikasema n'jaribu kwenye plastiki. Nilipaka kama miezi miwili ilopita, mara tatu nne. Ikaniharibikia."

Nimeshaona watu wakipaka plastiki mafuta ya kupikia, dizeli, hata dawa ya viatu. Mafuta ya makonyo sikuwahi kuyaona, ila niliijua tabia yake kwa kuwa mama yangu aliwahi kuyatia kwenye kikombe cha plastiki, na asubuhi kikombe kilikuwa kimelainika kama halua. Plastiki ya gari ni ngumu zaidi. Lakini ukiipaka mara tatu nne na ukaiacha juani, juu yake hulainika ikanata. Vumbi linaganda, nzi wanaganda. Ikishapoa na siku zikipita, inarudi kuwa ngumu pamoja na chochote kilichogandia.

"Umepaka na dawa ya viatu juu yake?" nikamuuliza.

"Kidogo, kuziba. Weye ipitishie moto tu, nasikia moto unamaliza kila kitu."

"Lazima nioshe kwanza. Moto juu ya uchafu unaupika."

"Basi osha haraka. Mie nipo hapo dukani nanunua simu, narudi sasa hivi."

Nikaanza upande wa kulia, kama nilivyozoea, na bismillahi. Plastiki ilikuwa na vumbi lililoganda na unyoya wa ndege. Nikaenda kwenye bampa. Kisha nikaja upande wa kushoto, kwenye ukingo mweusi unaozunguka gurudumu la mbele. Hapo dawa ya viatu ilikuwa imepakwa nene kuliko kwengine kote, kama mtu aliyepiga plasta. Nikamwagia maji ya sabuni, nikasugua kwa brashi ya meno, weusi ukachuruzika mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu.

Chini yake ikatokea alama.

Ilikuwa na upana wa kiganja changu. Mistari midogo iliyopishana, juu, chini, juu, chini, imeingia kwenye plastiki kama muhuri kwenye nta. Nilijua mara moja kuwa ni ukindu. Mama yangu alikuwa mtu wa Kizimkazi, nimelelewa kwenye chumba kilichojaa ukindu. Nikasogeza uso. Kila baada ya mistari mitano palikuwa na kijitundu, mstari umerukwa, kama pengo la jino.

Mama alikuwa akimpiga Wafaa vidole kwa pengo lile. "Umeruka tena, mwanangu. Fumua." Wafaa alikuwa na miaka saba, akafumua, akasuka, akaruka tena pale pale. Mpaka mama alipokufa Wafaa hakuwahi kusuka ukili, utepe wa kushonea mkoba, usiokuwa na pengo. Hakuna mtu mwengine Unguja nzima aliyeruka mstari pale, kwa sababu kila mwengine alifunzwa akafunzika.

Ndani ya alama mlikuwa na uzi wa ukindu wa zambarau, mfupi kama ukucha.

Mkoba wenyewe ulikuwa nyumbani kwangu, umetundikwa kwenye msumari. Polisi walinirudishia pamoja na viatu vyake. Ubavu mmoja ulikuwa umepondeka na una doa jeusi, nikadhani ni lami. Ulinuka karafuu, nikadhani alikuwa ananiletea viungo. Mwaka mzima ungepita ningeusikia ukinuka karafuu na ningeendelea kulia kwa jambo ambalo silo.

Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni. Sikufikiri habari ya Thuwaini kwanza. Nilifikiri habari ya kijana aliyeniinulia uso na kuniambia, nsaidieni tumpakie. Nikaitazama spana ya magurudumu iliyokuwa ukutani mwa kibanda, ile ile, nimeiosha mwenyewe kwa sabuni na kuitundika pale. Nikasema, Ya Rabbi, na sikujua niendelee vipi.

"Mbona umekaa?"

Thuwaini alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa simu mkononi. Aliiona alama. Aliniona naiangalia. Uso wake haukubadilika sana, ila mfuko aliuweka chini taratibu, juu ya stuli yangu, kama mtu anayejiandaa kutawadha.

"Pitisha moto," akasema.

"Hii ni alama ya mkoba."

"Ni mkwaruzo. Pitisha moto, fundi."

"Ni mkoba wa mwanamke aliegongwa Kombeni."

Akachungulia uwanjani. Ubwa alikuwa anaendesha cherehani, mgongo kwetu. Thuwaini akachuchumaa karibu yangu, akanishika bega, na sauti yake ikawa ya upole kabisa.

"Sikiliza, ndugu yangu. Alikuwa katikati ya njia. Nilishtuka nikaondoka, ndo ilivyokuwa. Nilivorudi watu washajaa, wanampiga yule wa pikipiki. Ningesema nini pale? Wangeniua na mie. Leo kesi ishafika mwisho. Kuna mtu kaapa kwa msahafu kuwa kamwona yule kijana akigonga. Kaapa, unasikia? Weye nani umkadhibishe mtu alieapa?"

"Mtu huyo ni mimi," nikasema.

Hakunielewa. Nikarudia. "Aliekufa ni dada yangu. Alieapa ni mie. Sikuona kitu."

Akaliachia bega langu. Kisha akanipiga ngumi ya koo.

Nilianguka chali, kichwa kikagonga ndoo. Nilipojaribu kuvuta pumzi haikuja. Nilimwona akiiokota mashine ya moto kwenye meza na kuiwasha. Mimi huiacha imechomekwa kwenye umeme siku nzima, ni uvivu wangu, na sekunde chache tu zinatosha. Akapiga goti mbele ya gurudumu, akaielekeza kwenye alama karibu kabisa, bila kujua kazi, kama mtu anayechoma manyoya ya kuku.

Spana ilikuwa ukutani, kwenye usawa wa mkono wangu. Naandika kama ilivyokuwa: niliiona spana kabla sijaifikiria alama, na mkono wangu ulikwenda kwenye spana. Niliigusa. Ilikuwa baridi. Kichwa cha Thuwaini kilikuwa kimeinama mbele yangu, kipara kidogo utosini, na nilijua sauti itakayotoka.

Nikaiacha. Nikajitupa mbele nikaweka kiganja juu ya alama.

Moto ulinipata mgongoni mwa mkono. Kwa kitambo kidogo haukuuma, halafu ukauma mpaka nikasikia meno yangu yakisagana. Ngozi ilipanda kama maziwa yanayochemka. Nilisikia harufu yangu mwenyewe pamoja na harufu ya karafuu. Thuwaini alikuwa ananivuta shati kwa mkono mmoja na mkono wa pili anazidi kuisukuma mashine. "Toa mkono," akawa anasema. "Toa mkono, mwendawazimu weye, toa." Alinipiga kwa goti ubavuni, mara mbili, mara tatu, kitu kikavunjika ndani. Sikutoa. Plastiki chini ya kiganja changu ilikuwa inapata joto na nilihofu itayeyuka kwa joto langu mwenyewe, basi nikawa nafanya kile ninachowaambia watu wasifanye, naukandamiza mkono.

Nilikuwa najaribu kusoma. Nilianza Fatiha. Nilifika "iyyaka na'budu" na hapo nikapiga ukelele, na cherehani ya Ubwa ikasimama.

Ubwa ni mtu mnene na mzito wa kuinuka, lakini alikuja. Akaung'oa waya wa umeme, akamshika Thuwaini kwa nyuma ya shingo akamtupa kwenye tope la sabuni.

"Kuna nini? Unamchoma mtu?"

"Kamuua dada yangu Wafaa," nikasema. "Kamgonga Kombeni akakimbia. Alama hii hapa."

Nilisema kwa sauti, kwa maumivu. Sikuzingatia kuwa uwanja umeshajaa watu wa Darajani, wachukuzi, wauza vitambaa, madereva. Neno likapita kutoka kinywa hadi kinywa. Kaua. Kaua mwanamke, na sasa anamchoma fundi. Mtu wa kwanza akampiga Thuwaini teke la tumbo. Wa pili alikuwa na ubao wenye misumari, sijui aliutoa wapi. Thuwaini akafunika kichwa kwa mikono miwili. Kanzu yake ilikuwa nyeusi kwa dawa ya viatu. Akasema, "Nsikilizeni," na mtu akamkanyaga mdomo.

Mimi nilikuwa nimeegemea gurudumu, mkono wangu bado juu ya alama. Nilitazama. Nilihesabu mapigo manne, la tano, na kila moja lilinipoza mkono kidogo. Sitaki kulificha hilo. Nilitamani waendelee. Damu ilimtoka puani ikaingia kinywani, naye akawa anaitema, na nikamkumbuka Ame akitema vile vile huku mimi nikimtaja Mungu. Wakati ule pia palikuwa na watu waliokuwa na yakini.

"Ubwa," nikasema. "Kaa hapa. Usiruhusu mtu aguse hii plastiki. Hata kwa kitambaa."

Nikatambaa katikati ya miguu yao nikamlalia Thuwaini juu. Sikumlalia kwa huruma. Moyoni bado nilikuwa namchukia. Nililala tu juu yake kama gunia. Ubao ukanipata mgongoni kabla mwenye nao hajaona kuwa ni mimi, na misumari miwili ikaingia.

"Ondoka, fundi," mwenye ubao akasema. "Huyu si kaua dada yako?"

"Kaua. Na mie nilikaribia kuua mtu asiekuwa na kosa, kwa hivi hivi mnavyofanya. Yuko rumande. Jumatatu anahukumiwa. Huyu akifa hapa, nani atasema?"

Hawakuondoka kwa maneno yangu. Waliondoka kwa sababu gari ya polisi ilikuwa imeshaingia uwanjani. Lakini mwenye ubao aliutupa chini kabla hawajafika, na aliponipita hakunitazama.

Chini yangu Thuwaini alikuwa anahema kwa shida. Akaninong'oneza sikioni, na mate ya damu yakanipata shavuni. "Ningekuachia," akasema. "Ingekuwa weye ndo uko chini, ningewaachia wakuue."

"Najua," nikasema.

Askari mmoja alitaka nipelekwe hospitali kwanza. Nikamwomba twende kituoni, nikamwomba na Ubwa apite kwangu auchukue mkoba kwenye msumari. Jipu ilivutwa kama ilivyo, na Ubwa alikuwa ameufunika ukingo ule kwa kitambaa kipya cha kiti, akakishona kwa uzi kuzunguka, hata afisa akashangaa. Kituoni walikifumua, wakauweka mkoba juu ya alama. Pengo likaingia kwenye pengo. Afisa akainamia, akanusa mkoba, kisha akanusa gari.

"Kwa hiyo yule wa pikipiki ulimwona vipi?" akaniuliza.

"Sikumwona. Niliapa uongo."

"Unajua adhabu ya hilo?"

"Ya hapa naijua kidogo. Ile nyengine nnaijua zaidi."

Akavuta karatasi. Nikasema yote, na la spana nikalisema, pigo moja moja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, nikatia sahihi kwa wa kushoto, kama mtoto.

Jumatatu walinipeleka mahakamani pamoja na mahabusu wengine. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi moja na ndoo ya maji yenye kopo, na kwenye benchi amekaa Ame. Wenziwe walikuwa wameshaitwa. Yeye alikuwa anasubiri karatasi zake ziandikwe, kwani mwendesha mashtaka alikuwa ameshaiondoa kesi mbele ya hakimu asubuhi ile. Waya ulikuwa umetolewa. Taya lilikuwa limeunga upande, na mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku tatu. Ustadhi wetu wa darsa husema kuwa haki ya Mungu, Mungu huisamehe, lakini haki ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe asamehe. Nilikuwa nimeazimia kupiga magoti, nikapiga.

"Ame," nikasema, "mie ndie nilie..."

"Nnakujua." Maneno yalitoka nusu, upande mmoja wa kinywa. Alikuwa anautazama mkono wangu uliofungwa. "Ndo mkono wenyewe huo?"

"Ndo huu."

"Wa spana na wa msahafu?"

"Ndo huu huu."

Akautazama tena. Hakuonekana kufurahi wala kusikitika. Nje adhana ya adhuhuri ikaanza, kutoka misikiti miwili mitatu kwa pamoja, mmoja ukitangulia mwengine.

"Inuka," akasema. "Usiniombe kitu. Nikitoka hapa ntakwenda kwa mama yangu, ntatafuna wali kama ntaweza, na weye sitaki kukuona. Labda mwakani. Labda nisitake kabisa."

"Sawa."

"Wa kushoto mzima?"

"Mzima."

Akasogea mpaka penye ndoo, akauweka pembeni mkono wa plasta na kunyoosha ule mzima. "Basi nmiminie. Miezi miwili natayamamu kwa vumbi la ukutani kama mgonjwa, hakuna alienishikia kopo."

Nikachota maji kwa mkono wa kushoto, nikammiminia. Akaosha kiganja. Akasukutua kinywa, na maji yakamtoka upande ule ambao midomo haikutani, yakamchuruzika kidevuni hadi shingoni. Alipofika usoni akafumba macho na kungoja, akiniinulia uso kama siku ile njiani. Nikachota tena, kopo likagonga ukingo wa ndoo.

"Polepole," Ame akasema. "Hapo bado panauma."

Nikamimina polepole.